Siku Tulishtaki Ujerumani

Mwalimu Mathenge alikuja shule yetu mwaka wa 1981 na sanduku moja ya mbao na baiskeli haina breki. Shule ilikuwa ya harambee, si mbali na Mbumbuni, madarasa manne, moja haina dirisha. Yeye alikuwa amemaliza fomu six tu, ualimu hakuwa amesomea, na kwao ilikuwa Othaya, huko Nyeri. Bodi ndio ilimwandika, na bodi ingemfuta siku yoyote ikitaka. Hiyo kila mtu alijua, hata sisi.

Kabla yake historia ilikuwa ni kuandika tu. Mwalimu wa zamani anasoma noti, sisi tunaandika, kengele inalia, tunafunga daftari. Ukiuliza swali anakwambia haiko kwa mtihani. Mimi historia nilikuwa naichukia kama dawa ya minyoo.

Mathenge alitutoa nje siku ya kwanza. Alikuwa ameomba jivu jikoni, karai nzima, na akachora Ulaya kwa uwanja. Sisi fomu tatu tukasimama pembeni tukifikiri huyu Mkikuyu ameharibika kichwa.

"Mwangangi, wewe ni Austria. Simama hapo," akaniambia. "Mutie, wewe ni Serbia. Wewe ni nchi ndogo, kwa hivyo ringa."

Mutie hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Akashika kiuno.

Kisha Mathenge akatoa kamba ya mkonge, akatufunga mikono. Serbia na Urusi, Urusi na Ufaransa, mimi Austria na Ujerumani. Uingereza hakumfunga. Alimpa tu mwisho wa kamba ashike, akasema huyu anapenda kuangalia kwanza. Ujerumani alikuwa Kalondu, binti ya mzee Kiema wa bodi.

"Austria, sukuma Serbia."

Nikamsukuma Mutie. Nilimsukuma vizuri. Mutie akaanguka akiwa amenishika shati, Urusi akafuatana na yeye, Ufaransa akapiga magoti, Kalondu akanivuta nyuma nikamwangukia. Kwa dakika moja Ulaya yote ilikuwa chini kwa jivu. Mama wa jikoni alicheka mpaka akakaa.

Mathenge hakucheka. Akauliza, "Haya. Ni nani ameanzisha?"

"Ni Mwangangi," Mutie akasema. "Hata kwao wanamjua."

"Mimi nimetumwa," nikasema.

"Na Ujerumani je? Si alikuwa nyuma yako amekushikilia? Angekuwa hayuko ungesukuma mtu?"

Tulibishana hiyo siku yote. Tulibishana kwa laini ya chakula tukingoja muthokoi, tukabishana tukioga. Sijawahi kuona watu wakigombana kwa sababu ya kitu iko kwa kitabu. Mathenge akaona hivyo akasema sawa, Ijumaa ya wiki ijayo hii kelele tutaipeleka kortini. Kila nchi itakuja kujitetea, na klasi itaamua ni nani alileta Vita vya Kwanza vya Dunia.

Mimi nilitaka kuwa Ujerumani. Nataka hii ijulikane, kwa sababu nikiiacha mtu atafikiri yale nilifanya niliyafanya kwa mchezo tu. Mimi nilikuwa na mdomo, na nilijua mshtakiwa mkubwa ndiye watu watamkumbuka. Lakini Mathenge akaacha Kalondu awe Ujerumani, kwa sababu alikuwa ameandika utetezi wa kurasa nne, na mimi sikuwa nimeandika hata mstari. Mimi akanifanya karani wa korti. Kazi yangu ni kuita majina na kuapisha.

"Tutaapa na nini?" nikamuuliza.

"Nimeomba hedmasta Biblia, amekataa. Anasema wazazi ni watu wa kanisa, hawatapenda mtoto ashike Biblia akidanganya, hata kama ni mchezo. Tafuta kitu kingine. Chochote. Hata atlasi."

Chochote. Hilo neno ndilo nilikuja kulitumia vibaya.

Kwa mtu hajui, Wakamba tuko na kiapo inaitwa kithitu. Ni kitu inawekwa na wazee wachache, mara nyingi ni pembe imejazwa vitu hakuna mtu anaambiwa ni vitu gani. Watu wakikosana kwa shamba au kwa kifo, na ukweli umekataa kutoka, wanakula hiyo kiapo. Ukiapa uongo haikuui wewe kwanza. Inaanza na watu wa kwenu, mmoja, mwingine, mpaka nyumba inaisha. Hata wale wanaimba kwaya Jumapili, ukitaja jina yake wanapunguza sauti. Mtu wa Othaya hawezi kujua hayo. Mimi nilijua.

Nilichukua pembe ya mbuzi nyuma ya bucha ya Mbumbuni. Nikaijaza mchanga na makaa, nikaziba mdomo na kitambaa nyeusi, nikaifunga na mpira wa tyubu ya baiskeli. Ilichukua kama nusu saa. Usiku huo kwa bweni nikaonyesha wavulana, nikawaambia nimeitoa kwa umau, babu yangu, huko Ikutha, na ni ya kweli. Mutie akaondoka kwa kitanda yangu akaenda kulala upande mwingine. Hapo nikaona nimeshinda.

Ijumaa klasi ilijaa mpaka fomu mbili walikuwa wanachungulia kwa mlango. Prifekti ndiye alikuwa jaji, amevaa koti ya mvua ya Mathenge. Mathenge mwenyewe alikaa nyuma na daftari. Nilipoweka pembe kwa meza, darasa lilinyamaza. Mathenge akainua kichwa.

"Hiyo ni nini, karani?"

"Ni pembe tu, mwalimu. Ya kuapia."

"Umefikiria vizuri," akasema, na akaandika kitu.

Alifikiri wamenyamaza kwa heshima ya korti.

Serbia, Mutie, alikataa kushika. Akasema Serbia ni mgonjwa, ataongea akiwa mbali. Watu wakacheka kidogo, ile ya kuogopa. Urusi akaigusa na kidole moja akafuta kidole kwa suruali. Kisha nikaita Ujerumani.

Kalondu akakuja na kurasa zake. Alikuwa mrefu, na alikuwa na tabia ya kukuangalia kwa uso mpaka umalize kuongea. Akaangalia pembe.

"Nitajibu bila kuapa," akasema.

"Hakuna," nikasema. "Ni sheria ya korti."

"Mimi nimesoma, Mwangangi. Ujerumani iliambia Austria endelea, sisi tuko nyuma yako. Nikisema Ujerumani haina makosa, huo ni uongo. Nitautetea kwa sababu mwalimu amesema kila nchi ijitetee. Lakini siwezi kuuapia hapo."

Mathenge kutoka nyuma akasema, "Kalondu, huyo si wewe anaapa. Ni nchi."

"Najua, mwalimu."

Ningemwachilia. Hata jaji alikuwa amefungua mdomo akitaka kusema aachiliwe. Lakini watu walikuwa wananiangalia, na yeye alikuwa na kurasa zake nne.

"Baba yako si ni mzee wa kanisa?" nikasema. "Kila Jumapili anatuambia hakuna nguvu ingine. Kwani nyumbani kwenu mnaamini Mungu ama mnaamini pembe?"

Klasi ikacheka. Hiyo ilikuwa kicheko kubwa, ile nilikuwa natafuta. Kalondu akaweka karatasi chini. Akashika pembe na mkono mzima, si kidole. Nikampa maneno, na maneno niliyajua, maana mtoto yeyote wa huko ameyasikia mahali.

"Kama Ujerumani ndio ilianzisha hii vita," akasema akinifuata, "hii kiapo inikule mimi na watu wa kwetu."

Kisha akasoma utetezi wake, na akasoma vizuri sana. Klasi ilipiga kura, Ujerumani ikaponea kwa kura mbili. Mathenge alifurahi. Alisema katika shule zote alisomea hakuwahi kuona kesi kama hiyo. Mimi nilitupa pembe kwa choo hiyo jioni, nikasahau.

Siku ya kumi na moja, mdogo wa Kalondu alishikwa na ukambi. Alikuwa anaitwa Musembi, wa miaka minne. Mwaka huo ukambi ulikuwa umetembea Mbumbuni yote. Kulikuwa na watoto wengine watatu wamezikwa tayari, na nyumba zao hakuna mtu aliapa kitu. Walimpeleka hospitali siku ya nne ya ugonjwa, na akafa siku ya tano.

Kalondu hakurudi shule baada ya mazishi. Mutie, ambaye kwao ni ng'ambo ya mto kutoka kwa Kiema, ndiye alileta habari. Tulikuwa tunafua.

"Ameambia susu, nyanya yake, kila kitu," akasema. "Ameambia mama yake. Anasema ni yeye ameua mtoto."

"Ni ukambi."

"Wewe ndiye ulileta hiyo kitu kutoka Ikutha, sasa unaniambia ukambi?" Alikamua shati yake. "Hawajampiga. Wanampatia chakula yake kando. Mama yake hatumii maji Kalondu amechota. Mzee Kiema hasemi kitu, anaomba tu."

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa machache. Pembe ilikuwa ya bucha, ndani ni mchanga. Lakini nikifungua mdomo nikaona Mutie na wavulana wote wa bweni, vile walikuwa wananipisha njia hizo wiki zote. Nikainama nikaendelea kusugua soksi.

Wiki iliyofuata bodi ikakaa. Mzee Kiema alikuwa ndani, pamoja na hedmasta na wazee wengine watatu. Niliitwa nikasimama mbele ya meza. Mathenge alikuwa amekaa pembeni kwa kiti ya mwanafunzi, magoti juu.

Aliyeuliza alikuwa mwenyekiti. Aliuliza polepole.

"Kijana, ni nani alikwambia ulete kithitu darasani?"

Mathenge aliniangalia. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa ananingoja niseme vile ilikuwa, ndio tumalize tuende.

"Ni mwalimu," nikasema.

"Alikwambia kithitu?"

"Aliniambia nitafute ya kuapia."

"Na ulipoileta akaiona?"

"Aliiona. Akasema nimefikiria vizuri."

Hayo ya mwisho ni kweli, na ndiyo yalimmaliza. Mathenge alisimama, akasema, "Mwangangi, mimi nilijua hiyo kitu ni nini?" Mwenyekiti akamwambia akae. Akaniuliza tena. "Alijua?"

"Alijua," nikasema.

Kiema hakuuliza swali hata moja. Alikuwa ameweka mikono juu ya meza.

Bodi ilimwandikia barua ya kumfuta, na Mathenge akaondoka Jumamosi asubuhi na sanduku yake nyuma ya baiskeli. Fomu tatu walisimama kwa laini wakamwambia kwaheri. Mimi nilikuwa kwa bweni, nilisema tumbo inaniuma. Aliuliza niko wapi, nilisikia sauti yake. Mutie akamwambia ni mgonjwa. "Mwambieni apone," akasema, na sikusikia kama alisema vibaya au vizuri.

Nilifikiri sasa imeisha. Watu walikuwa wamepata wa kulaumu, nikafikiri Kalondu atarudi. Hakurudi. Kumfukuza Mathenge hakukumtolea kitu yeye, kwa sababu kiapo alikula bado alikula. Na huko kwao sasa walikuwa wanangoja wa pili. Mama yake alikuwa na mimba. Mutie alisema Kalondu ameacha kulala ndani na wengine, analala jikoni, ndio kama kuna kitu inamfuata isipite kwa mama.

Hiyo ya jikoni ndiyo ilinitoa. Jumatano mchana nikaruka ua ya shule nikaenda kwa mzee Kiema na miguu.

Nilikuta Kalondu anatwanga mahindi. Susu yake alikuwa amekaa kwa kivuli ya ghala akichambua pojo. Kiema alitoka nyumbani na miwani mkononi.

"Karibu, mwanangu," akasema. Aliniita mwanangu, baada ya hayo yote.

Sikukaa. Nikasema haraka. Nikasema pembe haikuwa kithitu, nilitoa bucha, nilijaza mchanga, haikuwa ya umau, haikuwa ya mtu. Kalondu aliacha mchi ndani ya kinu. Kuku walikuja wakaanza kula mahindi imemwagika, hakuna mtu aliwafukuza.

Susu ndiye alianza. "Huyu ametumwa na shule," akamwambia Kiema. "Wanataka kutunyamazisha."

"Sijatumwa, susu."

"Wiki mbili zilizopita ulisimama mbele ya wazee ukasema kithitu. Leo unasema mchanga. Nishike gani?"

"Shika ya leo."

"Basi kula kiapo." Aliweka ungo chini. "Hapo juu kwa mlima kuna mzee ako nayo, ile ya kweli. Kesho twende. Useme hiyo ya shule ilikuwa mchanga, na useme hakuna uongo umesema kwa hii maneno tangu ianze. Ukila, mimi mwenyewe nitamrudisha huyu msichana ndani ya nyumba."

"Mama, katika boma hii hatutakula viapo," Kiema akasema.

"Si nimesema ni kwa mlima?"

Nikafungua mdomo niseme sawa, twende. Ya mchanga ilikuwa kweli, na mimi nilikuwa najiona mtu haogopi kitu. Lakini mdomo ulikataa. Tangu ianze. Nikamkumbuka mwenyekiti akiuliza alijua, na mimi nikijibu alijua. Nikafikiria mama yangu na dada zangu wawili, vile wamelala. Mimi, ambaye nilimcheka Kalondu mbele ya klasi, nikaogopa kama yeye aliogopa. Nikaogopa zaidi yake, kwa sababu yeye aliapia uongo ya Ujerumani, mimi uongo ilikuwa yangu.

Kalondu alikuwa ananiangalia tu kwa uso.

"Kuna kitu unaficha," akasema. "Ni nini?"

"Mwalimu hakujua."

"Hakujua nini?"

"Hakujua ni nini. Nilimwambia ni pembe tu. Yeye alisema nitafute chochote, hata atlasi. Kwa bodi nilidanganya."

Kiema alivaa miwani, kisha akaitoa tena. Alikuwa ameweka sahihi yake kwa hiyo barua ya kumfuta mtu. Akaingia nyumbani, na mlango ukabaki wazi.

Susu akachukua ungo wake tena. "Sasa nimeamini ni mchanga," akasema.

Kalondu alikuwa amekaa chini karibu na kinu. "Musembi alizikwa tarehe ngapi?" akaniuliza.

Sikujua. Nilijua ni mwezi gani, tarehe sikujua.

"Tangu hiyo siku mpaka leo," akasema, "ulikuwa unajua ni mchanga."

"Nilikuwa najua."

"Ukikula unajua. Ukilala unajua."

"Ndio."

Akainuka, akachukua ufagio, akaanza kufukuza kuku.

Jumapili Kiema akanisimamisha kanisani. Alisema hivyo ndivyo sisi tunafanya. Nikasema yote tena, mbele ya watu mia moja na zaidi, pamoja na bucha na mchanga na mwalimu. Nilikuwa nimejitayarisha nitemewe mate. Badala yake mama mmoja akaanza wimbo, kanisa yote ikashika, wakapiga makofi kwa mpigo. Wakaja mmoja mmoja wakanishika mkono. Mwenyekiti wa bodi pia alikuja. Akasema Bwana asifiwe, kijana ameokolewa, na leo mbinguni kuna furaha. Nilisimama hapo nikishikwa mkono kama mtu ameshinda mbio. Afadhali wangenipiga. Upande wa akina mama Kalondu alikuwa amekaa na mama yake, bega kwa bega, na mama alikuwa ameweka mkono kwa mgongo wake. Wote wawili hawakuimba.

Watu wakitoka Kalondu alikuja mahali nilikuwa.

"Wameniambia nirudie fomu tatu mwakani," akasema. "Nitarudia."

"Ni vizuri."

"Hapa kanisani umewaambia wote." Alikuwa anaongea polepole, ile sauti ya kuuliza njia. "Mathenge alikuwa amekaa wapi?"

"Hakuwa hapa."

"Hakuwa."

Akaniaga kwa mkono, kama mtu wa heshima, akaenda.

Bodi iliandika mwalimu mwingine wa historia, mzee mmoja mwenye noti. Barua ya kumwambia Mathenge arudi, hedmasta alisema wataandika. Sijui kama waliandika. Mimi sikurudi shule. Hakuna mtu alinifukuza. Nilikuwa nafika mpaka kwa geti, naona ule uwanja, nageuka.

Sasa ni mwaka wa tano. Nimeuza mbuzi Tseikuru, nimevunja mawe Ikutha, nimepakia mizigo Mombasa miezi minane nikachoka nikarudi. Mahali pamoja hapanishiki. Watu wa Othaya nimekutana nao wengi kwa hiyo barabara ya Mombasa, wako na maduka. Mmoja, mama anaitwa Waruguru, niliuliza kama anajua Mathenge alikuwa anafundisha Ukambani. Akasema anajua kwao, ni karibu na kiwanda ya majani chai. Siku hizi hafundishi, anachuna chai ya mama yake. Akanielekeza vizuri sana, akanichorea hata njia kwa karatasi ya sukari, mto hapa, kanisa hapa.

Hiyo ilikuwa mwezi wa pili. Sasa ni wa kumi. Kutoka hapa mpaka Othaya ni siku moja, ukiamka mapema. Sijaenda.